KAROLI LWANGA NA ALAMA ZAKE KWENYE VIOO VYA RANGI



Jarida hili la kumbukumbu linatoka kwa ajili ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Wafiadini wa Uganda. Jalada lake lina picha ya Mtakatifu Karoli Lwanga, iliyochorwa na vijana wetu kwa kuiga madirisha ya vioo vya rangi ambayo baadhi yetu tuliyazoea makanisani kabla ya kukimbia. Hapa kambini kioo hatuna. Nyumba ya sala ni miti na shitingi, na mwanga unaingia wote kwa rangi moja. Kwa hiyo vijana walichukua karatasi na kalamu za rangi, wakapiga mistari mieusi minene kati ya rangi na rangi, kama ilivyo kwenye kioo chenyewe. Tangu picha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, maswali hayajakoma. Kwa nini ameshika tawi? Kwa nini moto uko miguuni tu? Kwa nini rangi nyekundu ni nyingi hivyo? Na mzee wetu mmoja aliuliza, tena kwa haki, huyu Mganda ana uhusiano gani na sisi tulio hapa juu ya Kamembe, tukitazama Ziwa Kivu na milima ya kwetu ng'ambo.

Kamati imeona ni vizuri kujibu kwa kueleza maisha yake. Asiyejua maisha ya mtu ataona kwenye dirisha urembo tu.

Tuanze na kioo. Mafundi huyeyusha mchanga na majivu katika tanuru kali, na rangi hutokana na madini yanayotiwa humo: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani au nyekundu, na dhahabu kidogo hutoa wekundu wa damu. Vipande hukatwa, nyuso na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi na kuchomwa tena ili ishike, kisha vipande vyote huunganishwa kwa vipande vyembamba vya risasi. Hiyo ndiyo mistari mieusi ambayo vijana wameiiga. Dirisha la namna hiyo ukilitazama mchana ukiwa nje, huoni kitu, ni giza tupu. Lazima uingie ndani. Huko Ulaya ya zamani wengi hawakujua kusoma, na madirisha yalikuwa kama kitabu chao. Ndiyo sababu kila mtakatifu alipewa alama zake, ili mtu amtambue bila kusoma jina. Petro ana funguo. Paulo ana upanga. Lwanga ana moto.

Alizaliwa mnamo mwaka 1860 katika Buganda, katika ukoo wa Ngabi, yaani ukoo wa pongo. Hakuwa mtoto wa mfalme wala wa chifu mkubwa. Alipokuwa kijana alitumikia kwa chifu mmoja wa Singo aliyeitwa Mawulugungu, na huko ndiko alikoanza kusikia habari za dini mpya. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe mwaka 1879, akiwamo Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Waislamu walikuwapo zamani kuliko wote hao. Tusisahau, ndugu zetu Waislamu wa kambi hii, kwamba Namugongo, mahali alipochomwa Lwanga, ndipo pia walipouawa Waislamu kwa amri ya Kabaka Mutesa miaka kama kumi kabla, kwa kuwa walishika dini yao mbele ya mfalme. Ardhi ile ilionja damu ya dini zote.

Jambo moja katika ujana wa Lwanga linafaa kuangaliwa. Mwaka 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka hadi kusini mwa ziwa, wakakaa huko mpaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri Buganda. Walioendelea kufundisha ni Waganda wenyewe: watumishi wa ikulu, mafundi, wakulima, waliokuwa wakikutana usiku. Lwanga alifundishwa na watu wa namna hiyo. Sisi tulioona mapadri, wachungaji na masheikh wetu wakitawanyika tunajua maana ya kipindi kama hicho.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ameitimiza. Mwaka huo Lwanga aliingia katika utumishi wa ikulu. Alikuwa na nguvu, mpiga mieleka hodari, na upesi alipewa kuwasimamia vijana waliotumika katika baraza la mfalme. Mwanga alipoamuru lichimbwe ziwa lake pale Mengo, ambalo liko Kampala mpaka leo, Lwanga alisimamia kikosi cha vijana wa ikulu kilichochimba, naye alichimba pamoja nao. Vijana walimpenda kwa hilo. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanga zamu ya kuchimba vyoo asiyejua tofauti kati ya msimamizi anayeshika jembe na yule anayesimama kivulini na orodha.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mwanga alikuwa na hofu ya wageni. Alisikia kwamba Wazungu wanachukua pwani, na aliamini kwamba wale watakaokuja kula nchi yake watapita upande wa mashariki. Mnamo Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Mnamo Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme na kiongozi wa Wakatoliki ikulu, alimkanya mfalme kuhusu mauaji hayo. Zaidi ya hapo, Yosefu alikuwa akiwakinga vijana wadogo na matakwa machafu ya mfalme, kwa kuwatuma mbali na kuwaficha saa alipojua wataitwa. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa, na mwili wake ukachomwa moto.

Siku hiyohiyo Lwanga alikwenda kwa mapadri, akabatizwa na Padri Giraud. Watu wengine wangengoja hali itulie. Yeye alikuwa mwanafunzi wa dini kwa miaka, na angeweza kukaa hivyo bila lawama, lakini aliomba ubatizo siku ambayo kubatizwa kulikuwa sawa na kuandikwa katika orodha ya watakaouawa. Hapo ndipo penye asili ya nguo nyeupe. Wachoraji wengi humvika shuka nyeupe iliyofungwa begani, na nyeupe ni vazi la mbatizwa. Lakini hiyo pia ni nguo ambayo vijana wa ikulu waliijua, kwa hiyo alama hapa haikutungwa hewani.

Baada ya kifo cha Yosefu, Lwanga alibeba mzigo wake wote. Aliongoza sala, alifundisha, na aliendelea kuwakinga wadogo. Kati yao alikuwamo Kizito, mvulana wa miaka kama kumi na minne, mchangamfu, aliyekuwa akisumbua kila siku akitaka abatizwe. Kwa miezi sita Lwanga alifanya kazi hiyo chini ya macho ya mfalme. Watu humkumbuka kwa saa chache za moto. Sisi tunaona kwamba ile miezi sita ilikuwa kazi ngumu zaidi: kila jioni kuhesabu vijana, kujua nani ameitwa na nani hajarudi, kutafuta sababu ya kumtuma fulani mahali pa mbali. Wale wanawake na wanaume wa kambi yetu wanaojitolea kulinda watoto, na wafanyakazi wa ulinzi wa watoto wanaosoma ukurasa huu, hawahitaji kuelezwa kazi hiyo ikoje. Mtoto asiye na wazazi wake karibu, mtu mkubwa mwenye uwezo wa kumpa chakula au kumnyima, na mlango usiofungwa: hayo yalikuwapo ikulu ya Munyonyo, na yako katika kila kambi duniani.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko ziwani. Hakupata kitu, na aliporudi hakukuta vijana wa kumhudumia. Akagundua kwamba Denis Sebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa katikiro. Alimchoma Denis kwa mkuki, na kesho yake Denis akamalizwa na wauaji. Usiku ule malango yalifungwa. Lwanga alijua kwamba asubuhi wataulizwa, na kwamba baadhi ya vijana walikuwa bado hawajabatizwa. Aliwakusanya, akawabatiza mwenyewe, miongoni mwao Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Hapakuwa na padri, palikuwa na maji.

Asubuhi ya tarehe 26 mfalme aliwaita wote, akaamuru wanaosali wasimame kando. Lwanga alitangulia. Kizito aliogopa, kama mtoto yeyote angeogopa, na masimulizi yanasema kwamba Lwanga alikuwa amemwahidi kumshika mkono saa ikifika. Wakatoka hivyo, mkono kwa mkono, na wengine wakafuata.

Walifungwa kamba, wakapelekwa kwa miguu hadi Namugongo. Wengine waliuawa njiani. Ponsiano Ngondwe alikufa siku ya kwanza, na kesho yake Gonzaga Gonza na Athanasi Bazzekuketta. Matia Mulumba aliachwa na majeraha yake bila maji kwa siku kadhaa mpaka akakata roho. Waliofika Namugongo walikaa wiki nzima wamefungwa, huku wakiona kuni zikikusanywa. Hapo palikuwa na Wakatoliki na Waanglikana pamoja, watu ambao viongozi wao walikuwa wakibishana vikali mbele ya mfalme kuhusu dini ipi ni ya kweli. Kamba haikuwatenganisha.

Alhamisi tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, walitolewa. Mwuaji mmoja mkuu aliyeitwa Senkole alimchagua Lwanga, akamtenga na wenzake. Alimlaza juu ya moto mdogo, akaanza na miguu, makusudi ili mateso yawe marefu. Basi hilo ndilo jibu la swali la moto kuwa miguuni: mchoraji hakukosea, ndivyo ilivyokuwa. Masimulizi yanasema Lwanga aliomba afunguliwe atengeneze kuni mwenyewe, na kwamba alimwambia Senkole moto ule kwake ni kama anamwagiwa maji. Mwishoni alimwita Mungu kwa Kiganda, akafa. Wenzake, wakiwamo Wakatoliki 12 na ndugu zao Waanglikana, walizungushiwa mikeka ya matete, wakapangwa juu ya tanuru kubwa la kuni. Kizito alikuwa mmoja wao. Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na mkuu wa wauaji kama mwanawe, alipigwa kwanza shingoni ili asichomwe akiwa hai. Huyo baba alikuwa amemsihi mpaka mwisho aikane dini, naye akakataa. Vijana watatu walisamehewa dakika za mwisho, na kwa midomo yao, hasa ya Denis Kamyuka, ndipo dunia ilipojua mambo haya.

Turudi kwenye alama. Nyekundu ni rangi ya damu na ya moto, na ndiyo rangi ambayo padri huvaa siku za wafiadini. Duara la nuru kichwani ni utakatifu. Msalaba mkononi haukuongezwa kwa mapambo, maana yeye mwenyewe aliufundisha. Tawi la mtende ni la zamani sana: Warumi walimpa tawi hilo mshindi wa mashindano, na katika Kitabu cha Ufunuo wale waliovumilia mateso wamesimama na matawi ya mitende mikononi. Kwa hiyo tawi lasema kwamba aliyechomwa ndiye aliyeshinda. Mpiga mieleka huyu angelielewa upesi kuliko wengi wetu. Katika picha nyingine utaona pia matete, au nguo ya gome la mti ambayo Waganda huitengeneza, na hizo hutuambia ni nchi gani.

Hata hivyo kamati ina neno moja juu ya picha ya jalada, na vijana wetu wasikasirike. Walifuata desturi: msalaba mkono wa kulia, tawi mkono wa kushoto. Mikono yote miwili imejaa. Basi Kizito atashikwa na mkono upi? Kuna wasanii waliolitazama jambo hilo, wakamchora Lwanga na mtoto ubavuni, na sisi tunawaunga mkono. Ikibidi tuchague alama moja iachwe, liachwe tawi. Ushindi ameshapata. Tumezungumza na wachoraji wetu, nao wamekubali kwamba picha kubwa ya nyumba ya sala itachorwa hivyo, kwenye shitingi, kwa rangi tulizoahidiwa.

Jibu la swali la mzee wetu ni refu kidogo. Dini haikupungua Buganda baada ya Namugongo, iliongezeka, na Waganda walianza kuipeleka kwa jirani. Mwezi Februari 1900 Mapadri Weupe walipoanzisha misheni ya kwanza ya Kikatoliki Rwanda, pale Save, walifuatana na makatekista Waganda. Miaka mitatu baadaye, 1903, ikaanzishwa misheni ya Mibirizi, katika wilaya hii ya Rusizi tunamokaa. Watu walioleta habari hapa walikuwa wa kizazi kilichomjua Lwanga, au kilichowajua waliomjua. Jimbo la Cyangugu lenyewe liliundwa baadaye sana, mwaka 1981.

Papa Benedikto wa 15 alimtangaza Lwanga na wenzake 21 kuwa wenye heri mwaka 1920. Mwaka 1934 Lwanga alifanywa msimamizi wa vijana Wakatoliki wa Afrika. Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na siku hiyo hakuwasahau Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo huyohuyo. Mwaka 1969 alikwenda Uganda mwenyewe. Kanisa kubwa la Namugongo lilizinduliwa mwaka 1975. Lina umbo la nyumba ya Kiganda na limesimama juu ya nguzo 22, moja kwa kila mmoja wao, na altare iko pale Lwanga alipochomwa. Waanglikana nao wana mahali pao pa kumbukumbu papo hapo Namugongo, si mbali.

Limebaki la Mwanga, ambalo madirisha huwa hayana nafasi nalo. Mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya moto, aliondolewa katika kiti chake. Alikimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa, akafika Magu, akateseka huko, mwishowe akaomba hifadhi misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Mapadri aliowahi kuwaua wanafunzi wao wakampokea, wakamlisha, wakamlaza. Wakati huohuo Wakristo wa Buganda nao walikuwa wamefukuzwa, wakawa wakimbizi upande wa Ankole. Mfalme na watu aliowachoma wote walikuwa nje ya nchi mwaka mmoja. Mwaka 1889 Wakristo hao walimpigania Mwanga arudi ikulu, na akarudi. Wapo hapa kambini watakaouliza kama walifanya vema. Hata wakati ule waliulizana.

Miaka ya baadaye Mwanga alipigana na Waingereza, akashindwa, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, akachukua jina la Danieli, na akafa uhamishoni mwaka 1903, mwaka uleule Mibirizi ilipoanzishwa. Mwaka 1910 mifupa yake ilirudishwa nyumbani, ikazikwa Kasubi kando ya baba yake.